Kuutembea Mji Mkongwe wa Bagamoyo kwa Miguu: Fuata Njia ya Wapagazi

Wageni wengi wanaoletwa Bagamoyo kwa gari hushushwa mbele ya Boma la Wajerumani, wakapiga picha matao, wakapelekwa misheni, wakala samaki, na kabla ya alasiri wako njiani kurudi Dar es Salaam. Majengo wameyaona, lakini mji wameuanzia mwishoni. Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao makuu ya koloni lao kwa muda mfupi tu, tangu 1888 hadi 1891 walipohamia Dar es Salaam. Walichokuta hapa kilikuwa kimeshajengwa kwa nguvu za watu waliotembea: wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walioshuka kutoka Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na pembe za ndovu mabegani, kisha wakapanda tena bara na vitambaa, shanga na nyaya. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa takribani kilo 30. Kutoka Tabora peke yake ilikuwa safari ya miezi miwili hadi mitatu.

Ndiyo maana njia ninayoipendekeza inafuata miguu yao. Unaanzia pale misafara ilipotua, unashuka mpaka forodhani, na misheni unaiacha mwisho. Ukiondoka mapema, siku moja inatosha.

Kabla ya kuondoka

Chagua majira. Masika, kati ya Machi na Mei, vichochoro hujaa matope na mvua inaweza kukufungia barazani kwa watu nusu siku. Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri kuliko yote kwa mtembeaji: kusi inavuma, jua halichomi sana, njia ni kavu. Januari na Februari unaweza kwenda, ila saa sita mchana mji hauna kivuli cha kutosha.

Bagamoyo iko kama kilomita 75 kaskazini ya Dar es Salaam. Ukitumia mabasi madogo yanayopita Tegeta na Bunju, panga kufika saa mbili asubuhi au kabla. Foleni ya kutoka mjini huamua mengi, kwa hiyo anayetoka Dar alfajiri hupata saa nzima zaidi ya mwenzake aliyesubiri kunywa chai kwanza. Chai utaikuta Bagamoyo.

Beba maji, kofia, viatu vilivyofungwa na kitambulisho. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio tofauti na mgeni, na bila kitambulisho utabaki unabishana getini. Weka pesa taslimu za noti ndogo, na daima omba risiti. Wanawake wabebe mtandio au khanga, wanaume wavae suruali inayofika chini ya goti. Mji huu una misikiti na madrasa kila baada ya nyumba chache, na mavazi ya ufukweni yabaki ufukweni.

Jambo linalosahaulika mno ni maji ya bahari. Pwani ya Bagamoyo ni tambarare, na yakipwa bahari huondoka mbali kabisa ikaacha uwanda wa mchanga na matope. Uliza saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kupanga siku yako. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa ni kubwa zaidi, na hapo ndipo utaelewa kwa macho yako kwa nini bandari hii ilikufa. Nitarudi kwenye hilo tukifika forodhani.

Mwongozaji je? Mchukue, kwa angalau nusu ya kwanza ya siku. Tafuta aliye na kitambulisho cha kazi, mpatane bei na muda kabla ya hatua ya kwanza, na mwambie mapema kuwa unataka kutembea, si kupanda bajaji. Mwongozaji aliyezaliwa hapa anajua nyumba ipi ina mzee wa kusimulia na mlango upi unaweza kuubishia hodi. Hilo halimo kwenye ramani yoyote.

Hatua ya kwanza: Caravanserai

Anzia hapa, kwenye uwanja mpana wenye jengo la ghorofa katikati na vibaraza pembeni. Misafara ilitua hapa, ikapumzika, ikahesabiwa, ikalipwa. Jengo unaloliona limefanyiwa ukarabati mkubwa, kwa hiyo usiishike kila plasta ukidhani ni ya karne ya 19. Kinachofaa kutazamwa ni ukubwa wa uwanja. Simama katikati, geuka pande zote, kisha jiulize watu mia kadhaa na mizigo yao wangekaaje, wangepika wapi, wangepata wapi maji. Wakati wa kiangazi maelfu ya wapagazi walikuwa mjini kwa pamoja wakisubiri ajira ya safari ya kurudi.

Maonyesho ya ndani hayachukui muda mrefu, lakini yasome. Yatakusaidia kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa kila siku: mpagazi na mtumwa. Biashara ya utumwa ilipita Bagamoyo, watu walifika hapa wakiwa mateka na wakavushwa Zanzibar, na hakuna haja ya kulipunguza hilo hata chembe. Hata hivyo bandari kuu ya kusafirishia watumwa kutoka bara katika karne ya 19 ilikuwa Kilwa. Utajiri wa Bagamoyo ulitokana zaidi na pembe za ndovu, na aliyebeba pembe mara nyingi alikuwa mtu wa mshahara, aliyejipangisha kwa safari na kujua bei ya jasho lake. Mwongozaji akikuambia kila mnyororo na kila mzigo ni habari ya utumwa tu, mwulize kwa upole kuhusu Wanyamwezi. Mazungumzo yatabadilika.

Hatua ya pili: Ngome Kongwe

Kutoka hapo elekea upande wa barabara ya Kaole mpaka Ngome Kongwe, jengo jeupe lenye kuta nene. Lilijengwa na Mwarabu tajiri kama makazi miaka ya 1860, likawa la Sultani wa Zanzibar, likawa la Wajerumani, na baadaye likatumika kama gereza. Panda juu kama pako wazi: ukiwa darini unaona bahari na paa za mji kwa pamoja, na ni mahali pazuri pa kuipanga njia iliyobaki.

Hapa utasimuliwa habari ya njia ya chini kwa chini iliyokuwa ikipeleka watumwa mpaka ufukweni. Isikilize, kisha omba uonyeshwe ilipo. Kumbuka pia kwamba hadi mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa ya baharini, biashara hiyo ilifanywa waziwazi, bila haja ya kujificha chini ya ardhi. Simulizi ya namna hii ina thamani yake kama kumbukumbu ya watu, lakini katika daftari lako iandike kama simulizi.

Hatua ya tatu: Boma, na yaliyo nyuma ya Boma

Sasa rudi mjini, mpaka Boma. Lilikamilika 1897, wakati makao makuu yalikuwa yameshahama miaka sita nyuma. Hili linashangaza wengi: jengo kubwa kuliko yote ya Kijerumani mjini lilijengwa kwa ajili ya ofisi ya wilaya. Zunguka nje kwanza. Angalia matao yaliyopangwa safu juu na chini, yanayovuta upepo wa bahari na kukinga jua, na ukingo wa juu wenye meno kama wa ngome. Jengo lilikusudiwa kutisha na kupoza kwa wakati mmoja. Kwa kuwa hukarabatiwa mara kwa mara, uliza kabla ya kuingia.

Karibu na hapo uliza Nyumba ya Liku, inayotajwa kuwa makao ya kwanza ya utawala wa Kijerumani kabla ya Boma. Katika mji huu, Desemba 1889, Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana kusini ya Sudan, alianguka kutoka ghorofani usiku wa karamu ya kumpokea yeye na msafiri Stanley aliyekwenda kumwokoa, baada ya kufika salama kutoka safari ndefu ya bara. Alipona.

Kisha tembea kuelekea upande wa bahari mpaka makaburi ya Wajerumani na jiwe la kumbukumbu la mahali pa kunyongea. Nenda sehemu zote mbili, moja baada ya nyingine bila kupumzika katikati. Makaburi yamepangwa, yana majina na tarehe, na baadhi ya waliozikwa walikufa katika vita vya 1889. Waliokufa upande wa pili wa vita hivyo hawana safu ya makaburi hapa.

Ni vizuri ufike ukiwa unajua kilichotokea. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilichukua usimamizi wa pwani kwa mkataba na Sultani mwaka 1888, na watu wa pwani wakakataa. Abushiri bin Salim aliongoza upinzani huku, Bwana Heri akiongoza Saadani. Mei 1889 kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann alishambulia ngome ya Abushiri iliyokuwa karibu na Bagamoyo. Abushiri alikamatwa na kunyongwa Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Sisitiza hilo ukiwa na watoto au wanafunzi, maana wengi huondoka hapa wakiamini alinyongewa Bagamoyo. Walionyongewa hapa ni wengine.

Ukibaki na nguvu, uliza njia ya kwenda kwenye mnara mdogo wa Dunda, kibanda cha ulinzi cha mawe kilichojengwa na watu wa Wissmann mwaka huohuo wa 1889. Ni kituo cha dakika kumi.

Hatua ya nne: Mtaa wa India, polepole

Hapa ndipo nataka utumie muda. Kama siku yako imebanwa, punguza kwingine, hapa usipunguze.

Mtaa wa India unakwenda sambamba na ufukwe. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, chini duka na juu makazi. Tembea upande mmoja wa barabara ukitazama upande wa pili, maana ukiwa chini ya ukuta huoni ghorofa. Ukifika mwisho, rudi kwa upande mwingine. Vitu vya kutafuta ni hivi.

Anza na milango. Mlango wenye kizingiti cha juu kilichonyooka, chenye nakshi za maua na wakati mwingine maandishi ya Kiarabu, ni wa mtindo wa zamani zaidi. Wenye tao la nusu duara juu mara nyingi umefuata mtindo wa Kihindi ulioingia pwani baadaye. Tazama mfaa, ule mti wa wima wa katikati unaofunika mwanya wa mbao mbili: fundi aliweka hapo kazi yake bora. Tazama na misumari ya shaba, kama bado ipo. Katika nyumba nyingi utakuta fremu tupu, au mlango wa bati umewekwa mahali pa ule wa nakshi. Milango mingi ya pwani imeuzwa, na inaumiza kuona tundu lake ukutani.

Halafu ukuta. Pale plasta ilipodondoka utaona mawe ya matumbawe yenye vinyweleo, yameshikwa kwa chokaa. Kuta hizi hupumua: hunywa unyevu na kuutoa. Mtu akizipaka saruji juu, unyevu hufungiwa ndani na ukuta huoza kutoka katikati huku uso wake ukionekana mpya. Ukiona plasta ya saruji iliyotengana na ukuta na kuvimba, hiyo ndiyo sababu. Usichomoe jiwe wala kuegemea kuta zilizochanika.

Ukikaribishwa ndani, inua macho. Vyumba vya nyumba hizi ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake na haivuki zaidi ya mita tatu hivi ikiwa imebeba dari nzito. Upana wa sebule ya tajiri uliamuliwa na mti wa mkoko.

Mtafute Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa mshika mizani wa mji huu. Alizaliwa Zanzibar 1851. Yeye ndiye aliyewapa wasafiri wa Kizungu bidhaa na wapagazi: aliyetaka kwenda bara na msafara alipitia mlangoni kwake. Jengo lake la ghorofa tatu alilitoa mwaka 1896 liwe shule, kwa sharti kwamba ipokee watoto bila kubagua rangi wala dini, sharti kubwa kwa utawala wa wakati ule. Alifariki 1897. Pesa zake ndizo zilizojenga pia hospitali ya Dar es Salaam iliyotangulia Muhimbili. Siku za masomo, jengo la shule litazame kwa nje tu.

Jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia, na posta ya zamani ziko katika mitaa hii pia. Zote zatosha kutazamwa kutoka barabarani.

Neno kuhusu adabu. Mtaa huu unakaliwa. Baraza lenye mtu ni sebule ya mtu, kwa hiyo amkia kabla hujainua simu. Ukimkuta mzee, "shikamoo" kwanza, habari za nyumbani zifuate, ndipo uulize kama unaweza kuupiga picha mlango wake. Wengi watakubali, na baadhi watakuambia nani aliuchonga. Usiwapige picha watoto wa madrasa. Ijumaa mchana achia nafasi njia za kuelekea misikitini, na mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani. Utapata pa kula, ila iwe ndani.

Hatua ya tano: Forodhani na soko la samaki

Shuka sasa kwenye bahari. Jengo la forodha la 1895 liko ufukweni, na mbele yake ndipo mizigo yote ya miezi mitatu ilipokabidhiwa. Kama umepanga vizuri, utafika maji yakiwa yanapwa, na utaona jahazi na mashua zimelala ubavu juu ya mchanga zikisubiri maji yarudi. Jahazi linaweza kufanya hivyo. Meli ya mvuke haiwezi, ilibidi itie nanga mbali, na mizigo ivushwe kwa mashua na kwa mabega. Dar es Salaam ina bandari ya kina, iliyojificha ndani ya mlango mwembamba. Kwa mtawala mwenye meli za chuma, uamuzi ulikuwa mwepesi.

Kisha ikaja reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kila stesheni iliyofunguliwa iliwaondolea wapagazi sehemu ya njia. Ukisimama hapo mchangani na tarehe hizo kichwani, magofu uliyopita asubuhi yanapata sababu.

Soko la samaki liko palepale, lina kelele, lina harufu, na ndilo sehemu ya mji ambayo kazi yake haijakatika. Tazama mnada ukiwa pembeni, usizibe njia ya wabebaji. Kina mama wanaokaanga watakuuzia changu, kibua au ngisi akiwa bado wa moto. Uliza bei kwanza. Kula hapa, pumzika kivulini mpaka jua lipungue makali.

Tahadhari moja: usitembee peke yako kwenye sehemu za ufukwe zisizo na watu ukiwa na simu na kamera mkononi. Rudi barabarani, au nenda na wenzako.

Hatua ya sita: Misheni

Kutoka sokoni mpaka misheni ni mwendo wa kama nusu saa kuelekea kaskazini, na mwisho wake unapita chini ya safu za miembe. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868, wakawakomboa watumwa kwa kuwanunua na kuwajengea kijiji. Mbuyu mkubwa unaooneshwa hapo unasemwa kupandwa mwaka huohuo, na kipande cha mnyororo kimemezwa na shina lake. Kwa maelezo ya misheni, mnyororo huo ulikuwa wa kumfungia punda wa Madame Chevalier aliyehudumia wagonjwa hapo. Wapo watakaokuambia ulikuwa wa watumwa. Hayo maelezo ya punda ndiyo yenye mtu na jina ndani yake.

Makumbusho ni mazuri, yape saa nzima. Nenda kwenye picha za zamani za mji na uzilinganishe na ulivyoona asubuhi. Kwenye makaburi ya wamisionari soma umri wao: wengi walikuwa vijana. Kanisa kubwa lilijengwa kati ya 1910 na 1914, ila tafuta ule mnara mdogo wa kanisa la kwanza.

David Livingstone, mmisionari na msafiri kutoka Uskoti, alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake wakauzika moyo wake pale, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 mpaka hapa, wakafika Februari 1874. Susi na Chuma ndio waliokuwa mbele ya msafara huo, na Jacob Wainwright, aliyekuwa akiandika kumbukumbu, alisafiri na jeneza hadi Uingereza, ambako Livingstone alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Hapa Bagamoyo mwili ulilazwa usiku mmoja katika mnara huo mdogo wa kanisa la kwanza. Mnara unaitwa kwa jina la aliyebebwa. Mwambie mwongozaji akutajie na waliobeba, kwa majina, maana huo ndio msafara mashuhuri kuliko yote uliowahi kuingia Bagamoyo.

Kama una siku ya pili

Nenda Kaole, kama kilomita tano kusini ya mji. Ni magofu ya mji wa Waswahili wa karne nyingi kabla ya Bagamoyo, yenye misikiti na makaburi ya nguzo, na msikiti wa kale unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Mikoko na matope viliiziba bandari yake, na biashara ikasogea kaskazini. Njiani utapita Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Uliza getini kama kuna onyesho jioni.

Kwenda Kaole kwa miguu inawezekana asubuhi na mapema, ila barabara haina kivuli. Kurudi chukua bodaboda, na umwambie dereva tangu mwanzo akufuate saa ngapi, kwa sababu kule magofuni pikipiki hazipiti ovyo.